Namna ya Kubishana na Ankara ya Kutua na Kushinda Bila Kupandisha Sauti

Mwongozo huu ni wa rubani wa ndege ndogo aliyetua salama, akazima injini, akaifunga ndege yake kwa kamba na kwenda zake nyumbani. Baada ya wiki kadhaa akaletewa bahasha na kampuni asiyoijua, iliyo katika jimbo ambalo hajawahi kulikanyaga, ikimdai ada ya kutua kwenye uwanja aliopita juu yake tu. Ni wa mwenye Cessna ya watu wanne aliyeikodisha kwa shule ya urubani na sasa anadaiwa kutua mara nane ndani ya saa moja, ilhali saa hiyo alikuwa dukani kwake akiwahudumia wateja. Ni wa vijana wetu pia, wa Mombasa, Arusha na Entebbe, wanaokwenda Florida, Texas au Arizona kusomea urubani. Ada hiyo, hata ikiandikwa jina la nani, mwisho wake huangukia bili ya mwanafunzi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Ada halali ilipwe. Nyasi za uwanja hazijikati zenyewe, wala taa za njia ya kurukia hazijibadilishi zikiungua. Lakini ankara yenye makosa haistahili kulipwa kwa sababu tu ni ndogo. Na ishara iliyobuniwa ili ndege zisigongane haikuwekwa angani iwe karani wa ushuru. Ukiyashika hayo mawili, utabishana vizuri.

Kwanza mjue aliyekuona

Kwa miaka mingi viwanja vidogo vingi vya Marekani havikuitoza ndege ndogo ada ya kutua, na sababu haikuwa ukarimu peke yake. Ili kutoza, ilibidi mtu atoke ofisini na kijitabu cha risiti, atembee hadi kwenye maegesho, amsubiri rubani amalize kufunga kamba, ndipo amwombe dola chache. Mshahara wa mtu huyo ungeyala makusanyo yote. Uwanja uliishi kwa kuuza mafuta, kupangisha mabanda ya ndege na kupokea ruzuku ya serikali kuu.

Kilichobadilisha hesabu ni ADS-B. Tangu tarehe 1 Januari 2020, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, inazitaka ndege zinazoruka katika sehemu kubwa ya anga inayoongozwa ziwe na kifaa hicho. Karibu kila sekunde kifaa hutangaza mahali ndege ilipo kwa mujibu wa setilaiti, kimo chake, mwendo wake na namba yake ya utambulisho. Tangazo halina kufuli. Mtu yeyote mwenye antena ndogo na kompyuta ya bei nafuu anaweza kulipokea, na hiyo ndiyo ilikuwa nia: ndege nyingine ikusikie, mwongozaji akusikie, hata mahali ambapo rada haifiki. Jaribio kubwa la mwanzo lilifanyika Alaska, katika mradi ulioitwa Capstone, kwa sababu huko marubani wa ndege ndogo walikuwa wakifa katika hali mbaya ya hewa, mbali na rada yoyote.

Sasa lichukue tangazo hilo, uliunganishe na sajili ya ndege ya FAA, ambayo kwa miongo mingi ilimwonyesha yeyote anayetaka jina na anwani ya mwenye ndege, kisha uongeze kamera inayosoma namba iliyoandikwa ubavuni. Kompyuta itachapa ankara pasipo mtu kunyanyuka kitini. Kampuni binafsi zinaifanya kazi hiyo kwa niaba ya viwanja, na viwanja vilivyokuwa havitozi chochote vimeanza kutoza. Florida ni miongoni mwa majimbo ambako ugomvi umewaka zaidi. Hali yake ya hewa imelifanya jimbo hilo kuwa mojawapo ya vitovu vikubwa vya mafunzo ya urubani duniani, na mahali penye wanafunzi wengi ndipo penye kutua kwingi.

Mwenye ndege aliambiwa anunue kifaa hiki kwa ajili ya usalama. Serikali ilipoona watu wanasitasita, mwaka 2016 ilianza kurudisha dola 500 kwa kila ndege ndogo itakayofungwa kifaa mapema, kwa ndege 20,000 za kwanza. Watu walikubali kuonekana ili waishi. Usiku wa tarehe 29 Januari 2025, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana juu ya mto Potomac, karibu na uwanja wa Reagan mjini Washington, wakafa watu 67. Helikopta ile haikuwa ikitangaza ADS-B. Baada ya usiku ule sijui ni nani anayeweza kutazama sera yoyote inayomfanya rubani atamani kutoonekana, akaiita jambo dogo la mapato.

Soma ankara yote, hata maandishi madogo

Usiipigie simu kampuni kabla hujaisoma ankara. Anza na namba ya ndege. Namba za Marekani huanza na N, na hazitumii herufi I wala O ili zisichanganywe na 1 na 0, lakini 8 na B bado zinafanana kwenye picha ya kamera ya jioni, na 5 na S vilevile. Linganisha namba ya kwenye ankara na iliyo kwenye mkia wa ndege yako, tarakimu kwa tarakimu.

Kisha angalia saa. Usafiri wa anga hutumia saa moja ya dunia nzima, ile ya UTC, na mashine hurekodi kwa saa hiyo. Sehemu kubwa ya Florida wakati wa baridi iko nyuma ya UTC kwa saa 5. Ukitua Ijumaa saa mbili usiku, kwenye rekodi ni Jumamosi saa saba usiku. Wapo waliokana kutua siku fulani kwa dhati kabisa, kumbe wametua, ila tarehe imesogezwa na saa za dunia. Hakikisha hili kabla hujamwita mtu mwongo. Na ikiwa uwanja una punguzo au msamaha kwa siku au saa fulani, hapo hapo ndipo kosa la tarehe linapokugharimu fedha.

Baada ya saa, uzito. Ada nyingi za kutua hukokotolewa kwa kila ratili 1,000 za uzito wa juu ulioidhinishwa. Cessna 172S ina ratili 2,550, yaani kilo 1,157 hivi. Tuchukue uwanja unaotoza dola 3 kwa kila ratili 1,000. Ukipigiwa hesabu kamili utadaiwa dola 7 na senti 65. Uzito ukipandishwa hadi elfu inayofuata, ni dola 9. Zote mbili zinaweza kuwa halali, lakini moja tu ndiyo iliyoidhinishwa na bodi ya uwanja, na unapaswa kujua ni ipi. Aina moja ya ndege huwa na matoleo mengi yenye uzito tofauti. Programu inayojua kwamba wewe una “Cessna 172” pengine haijui kwamba yako ni ya miaka ya 1960, nyepesi kuliko zilizofuata.

Je, ulitua kweli?

Hapa ndipo penye mzozo wenyewe, kwa hiyo tukae kidogo. Rubani anayefanya mazoezi hufanya mambo mengi karibu na ardhi ambayo si kutua. Hushuka hadi karibu na njia ya kurukia, halafu akaghairi na kupaa tena, ama kwa zoezi, ama kwa sababu kuna ndege nyingine mbele, kulungu katikati ya njia, au upepo umempeperusha pembeni. Hupita chini juu ya njia ili kukagua hali yake. Hukaribia kwa vyombo chini ya kifuniko cha macho, akiwa na mwalimu pembeni, kisha akaondoka bila tairi kugusa lami. Mashine inayosikiliza redio kutoka mbali lazima iamue, katika kila tukio kama hilo, kama tairi liligusa au halikugusa.

Na ushahidi wake una matundu. Kimo ambacho kifaa hutangaza kwa kawaida ni kile kinachopimwa kwa mgandamizo wa hewa, kikidhania kwamba mgandamizo usawa wa bahari ni hektopaskali 1013 siku zote. Siku ambayo mgandamizo halisi ni 1023, kila hektopaskali inayozidi huondoa futi 27 hadi 30 kwenye kimo kinachotangazwa. Ndege iliyopita futi 300 juu ya uwanja wa pwani itaonekana kwenye data ghafi kana kwamba iko futi 30 tu au chini ya hapo, karibu kabisa na ardhi. Programu nzuri husahihisha jambo hilo kwa kutumia taarifa ya hali ya hewa ya saa ile. Mwulize mdai wako, kwa maandishi, kama ya kwake husahihisha.

Tundu la pili: mawimbi haya hayapiti mlimani wala hayazunguki msitu. Antena iliyo mbali huipoteza ndege inaposhuka chini ya upeo wake na kuipata tena inapopanda. Kutoweka huko na kurejea kwake kunafanana mno na kutua na kuruka. Tundu la tatu ni kwamba ndege ndogo nyingi hazina swichi kwenye magurudumu ya kukijulisha kifaa kwamba sasa tuko ardhini. Kifaa hubahatisha kutokana na mwendo. Ndege nyepesi inayoruka polepole dhidi ya upepo mkali huweza kuwa na mwendo juu ya ardhi unaokaribia ule wa ndege inayokimbia kwenye lami.

Wewe nawe una ushahidi wako. Kompyuta kibao iliyo kwenye paja lako pengine imerekodi njia yote ya safari kwa setilaiti. Saa ya injini inaonyesha muda uliotumika. Daftari lako la safari linasema umetua mara ngapi, na kwa kuwa ni kosa kubwa kulidanganya, lina uzito. Mwalimu aliyekuwa pembeni ni shahidi. Risiti ya mafuta inaonyesha ulikuwa wapi. Kama uwanja una mnara, mazungumzo yalirekodiwa, na sauti ya mwongozaji ikisema umeruhusiwa kupita chini bila kutua inamaliza ubishi wote.

Deni ni la nani?

Sajili humtaja mwenye ndege, haimtaji aliyekuwa akiiendesha. Kwenye gari la kukodi tumezoea kwamba faini humfuata dereva kupitia mkataba, lakini klabu nyingi za urubani hazina kifungu chochote kuhusu ada ya kutua, kwa kuwa zamani ada hiyo haikuwepo. Kiandikeni leo: anayetua analipa, klabu inamjulisha ndani ya siku kadhaa, na mwanachama ana haki ya kupinga kabla klabu haijalipa kwa niaba yake. Bila kifungu hicho mweka hazina atalipa kila kinachokuja ili asisumbuliwe, na gharama itagawanywa kwa wote, pamoja na yule ambaye hakuruka mwezi mzima.

Mpwa wangu alisomea urubani Florida, na katika bili ya shule yake zilikuwemo ada za kutua kwenye uwanja wa jirani kwa siku ambayo mvua iliwazuia wote kuruka. Shule iliziondoa alipouliza. Wenzake wawili walikuwa wamelipa tayari, kwa sababu mgeni mwenye viza ya masomo huogopa kuonekana mkorofi. Nawaambia wanafunzi wetu wote: kuuliza maelezo ya ankara si ukorofi, na hakuna afisa wa uhamiaji atakayekuita kwa sababu umeomba kuona tarehe.

Kama umeuza ndege na bado unadaiwa, tatizo liko kwenye sajili. Cheti cha usajili hurudishwa FAA kikiwa kimejazwa upande wa nyuma wakati wa kuuza. Usimwachie mnunuzi afanye. Fanya mwenyewe siku hiyo hiyo, na ubaki na nakala ya hati ya mauzo.

Omba karatasi, kisha andika barua

Uwanja wa umma ni mali ya umma, na nyaraka zake ni za umma. Florida ina sheria maarufu za uwazi. Ile ya mikutano ilianza mwaka 1967, na Sura ya 119 ya sheria za jimbo inampa mtu yeyote haki ya kuomba nyaraka bila kueleza sababu. Majimbo mengine yana sheria zake za namna hiyo. Omba vitu vitatu: azimio la bodi au baraza lililoweka ada, mkataba kati ya uwanja na kampuni inayokusanya, na rekodi ghafi ya safari yako. Azimio litakuambia kama kughairi kutua kunatozwa au la, kama ndege zilizo chini ya uzito fulani zimesamehewa, na kama kununua mafuta kunafuta ada. Mkataba utakuambia kampuni inalipwaje, na kama inalipwa kwa kila ankara, umejua kwa nini inapenda ankara.

Barua yenyewe iwe fupi. Mwandikie meneja wa uwanja, na nakala iende kwa kampuni, kwa sababu uwanja ndio uliotunga ada na ndio utakaojibu mbele ya bodi. Anza kwa heshima: Mheshimiwa Meneja, nimepokea ankara namba fulani ya tarehe fulani. Sema jambo moja unalolipinga. Ambatisha ushahidi. Omba ifutwe, au uonyeshwe ushahidi unaothibitisha kutua. Toa tarehe unayotarajia jibu. Usieleze maoni yako juu ya ubepari, wala usimtaje mama wa mtu. Wengi wa mameneja hawa ni marubani wenyewe, wanaosimamia uwanja kwa watumishi wawili au watatu, na wengine hawakuifurahia sera hii ilipowajia kutoka kwenye idara ya fedha ya mji. Mtu wa namna hiyo ukimwandikia kwa adabu na ramani ya safari yako, ana kila sababu ya kuifuta ankara siku hiyo hiyo.

Akigoma, panda ngazi

Viwanja vingi vidogo vya umma vimepokea ruzuku ya FAA. Takriban viwanja 3,300 vimo katika mpango wa taifa unaovistahilisha kupata ruzuku hiyo, na sehemu ya fedha zake hutoka kwenye kodi ya mafuta: senti 19.4 kwa kila galoni ya petroli ya ndege. Maana yake, rubani wa Cessna amekwisha kuchangia kila ajazapo tangi, na hoja hiyo isemwe kwa sauti kwenye kila kikao.

Anayepokea ruzuku husaini masharti. Sharti la 22 linautaka uwanja uwe wazi kwa wote kwa masharti ya haki, bila ubaguzi usio na msingi. Sharti la 24 linautaka ujitegemee kwa mapato kadiri hali inavyoruhusu, na hili ndilo mameneja hulishika wanapotetea ada. La 25 linataka mapato ya uwanja yabaki uwanjani, yasihamishiwe kujaza pengo la bajeti ya mji. Ukiona ada imepanda na huku mji unajenga bustani, uliza kwa kutumia sharti hilo.

Historia ya mahakama haimpendelei rubani kila wakati, na ni vema uijue. Mwaka 1968 mamlaka ya bandari ya New York na New Jersey ilipandisha ada ya chini ya ndege ndogo, kwenye saa za msongamano, kutoka dola 5 hadi 25 katika viwanja vyake vikubwa. Chama cha wenye ndege na marubani, AOPA, kikashitaki, na mwaka 1969 kikashindwa. Lakini mwaka 1988 uwanja wa Logan, Boston, ulipobadilisha hesabu ili uzito upungue maana na kila kutua kuwe na gharama yake, ada za ndege ndogo ziliruka juu mno, Wizara ya Uchukuzi ikasema si za haki, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwaka 1989. Kisha ikaja kesi ya Grand Rapids, Michigan, iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1994. Huko mashirika makubwa ya ndege ndiyo yaliyolalamika kwamba yanalipa gharama zao zote wakati ndege ndogo zinalipa kama asilimia 20 tu ya zao. Mahakama iliuacha mpango huo usimame. Kwa hiyo meneja anayekuambia kwamba sheria inamlazimisha kumtoza kila mtu gharama yake yote, mwonyeshe kesi hiyo. Na anayetaja msongamano, mwulize uwanja wake hupokea ndege ngapi kwa saa.

Malalamiko rasmi yana njia mbili. Ya kwanza, iitwayo Sehemu ya 13, si rasmi sana: unaiandikia ofisi ya wilaya ya viwanja ya FAA nayo inazisikiliza pande zote. Ya pili, Sehemu ya 16, ni kesi kamili ya kiutawala. Inakutaka uwe umeathirika moja kwa moja na uwe umejaribu kwanza kusuluhisha kwa nia njema. Ndiyo maana barua yako ya awali iwe ya adabu na yenye tarehe. Itakuwa kielelezo cha kwanza. Uwanja wa binafsi ambao haukupokea ruzuku haufungwi na masharti haya, na huko bei ni ya mwenye nyumba.

Kwetu Afrika Mashariki msingi wa ada ni uzito vilevile, kama Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linavyoshauri. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika Ibara ya 15, unasema ndege ya kigeni isitozwe zaidi ya ndege ya nyumbani ya daraja hilo hilo inayofanya safari za namna hiyo, na kwamba ada zitangazwe. Mwenye ndege ya 5H, yaani ya Tanzania, anayetua Kenya, au ya 5Y, yaani ya Kenya, anayetua Tanzania, akiona tofauti isiyoelezeka anayo ibara ya kuishika mkononi.

Usifanye haya

Usizime kifaa. Sheria ya Marekani inaitaka ndege iliyofungwa ADS-B itangaze muda wote isipokuwa kwa ruhusa maalumu, na zaidi ya sheria, kuna mtu mwingine katika wingu hilo hilo anayetegemea kukuona. Usifunike namba za mkia kwa gundi. Usimfokee karani wa simu, ambaye hajawahi kuiona ndege yako.

Na kubwa kuliko yote, usiruhusu dola chache ziingie kwenye uamuzi wa kutua. Hewa ikiharibika, tua kwenye uwanja ulio karibu, uwe na ada au usiwe nayo. Mkaribio ukiharibika, ghairi upae tena, hata kama mashine itahesabu. Uingereza walilishughulikia jambo hili kwa ustaarabu. Charles Strasser wa AOPA ya huko aliendesha kampeni hadi viwanja zaidi ya 200 vikakubali kutotoza ada kwa rubani aliyelazimika kutua kwa dharura au kwa tahadhari. Mpango huo bado unaitwa kwa jina lake. Sioni kwa nini kila uwanja mdogo duniani usiwe na azimio la mstari mmoja kama huo, kuanzia Florida hadi kwetu.

Mwanafunzi naye asipunguze mazoezi. Sheria ya Marekani yenyewe kwa kawaida inamtaka afikishe angalau saa 40 za kuruka kabla ya leseni ya binafsi, atue usiku mara 10 hadi kusimama kabisa, na atue peke yake mara 3 kwenye uwanja wenye mnara. Rubani mwenye leseni anayetaka kubeba abiria lazima awe ameruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90. Serikali inaagiza kutua kwingi kwa sababu kutua ndiko kunakoua wasiozoea. Kuweka bei kwenye kila mguso wa tairi kwa ndege za mafunzo ni kutoza kile ambacho sheria inataka kifanywe zaidi, na bodi ya uwanja yenye busara ingeisamehe ndege nyepesi ya mafunzo, ikafidia kwa mafuta na kodi ya mabanda.

Nenda kikaoni, kisha mwandikie mbunge

Bodi za viwanja hukutana hadharani na huwapa wananchi dakika chache za kusema. Nenda na wenzako, si peke yako. Muulize mweka hazina wa uwanja kama mauzo ya mafuta yalibadilika tangu ada ianze. Mleteni mwenye shule ya urubani, fundi wa ndege, na mama mwenye mgahawa wa uwanjani ambaye wateja wake ni marubani wa Jumamosi. Ndege zikihamia uwanja wa jirani, bodi inapaswa kulijua hilo kutoka kwa wanaopoteza.

Sheria nazo zimeanza kusogea. Sheria ya FAA ya mwaka 2024 ilimzuia msimamizi wa mamlaka hiyo kuanzisha uchunguzi dhidi ya mtu, usio wa jinai, kwa kutegemea data za ADS-B peke yake. Sheria hiyo hiyo ilifungua njia kwa mwenye ndege kuomba jina na anwani yake vifichwe kwenye sajili ya umma, na tangu Machi 2025 maombi hayo yanapokelewa. Tuma lako. Montana ilipitisha mwaka 2025 sheria ya kuzuia ADS-B kutumika kukusanya ada. Juni mwaka huo mswada wa faragha ya marubani na ndege uliwasilishwa katika mabaraza yote mawili ya Bunge la Marekani, ukitaka ishara hii ibaki kwenye kazi ya usalama na ufanisi wa safari. Kama una haki ya kupiga kura huko, mwandikie mbunge wako. Kama wewe ni mwanafunzi mgeni, mwombe mwalimu wako aandike, umpe ankara yako iwe kielelezo.

Na ikiwa bahasha iko mezani pako sasa hivi, usiisogeze pembeni. FAA huhifadhi rekodi za mazungumzo ya mnara kwa siku 45 tu, na siku hizo zinahesabiwa tangu uliporuka, si tangu bahasha ilipofika.